Mzee Chasisi na Gari la Binti Yake

Wazee wetu, mama zetu na jamaa wote mliofika, mimi ni mtoto wa mdogo wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee.

Baba mkubwa, mliyemzoea kama Mzee Chasisi, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akasoma mpaka darasa la saba, 1966, shule ikamshinda, akaenda gereji moja kuosha spana, na huko ndiko alikozikuta jeep za jeshi zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wamezitia paa na mabenchi zibebe watoto, akawa anatuambia SUV, haya magari marefu ya njia mbovu, ilianzia hapo, jina lilikuja baadaye sana.

Alimuoa mama mkubwa tarehe 3 Agosti 1974, wakajaliwa mtoto mmoja, dada yetu mwenye duka la dawa.

Mwaka 1981 alifungua gereji yake, na mteja akijisifu ana SUV, marehemu habishani, anaingia uvunguni, anagonga na spana kutafuta chasisi, fremu nzito ya chuma kama ya lori, akiikosa anaandika kwenye kadi ya kazi "saluni", yaani gari dogo la kawaida, basi, imeisha hiyo.

Juni 2016 dada alileta gari lake jipya, refu, linang'aa, marehemu akaligonga mbele ya mafundi wote, akatoka na vumbi lake akasema, "Saluni hii, imevaa viatu virefu," watu wakavunjika mbavu, dada akawasha akaondoka, na karibu miaka sita hawakupigiana hata simu.

Februari 2022 figo zilianza kugoma, ikabidi apelekwe kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na asubuhi ya kwanza aliyesimama mlangoni ni dada, na gari lile lile, marehemu akaliangalia weee, dada akamwambia, "Baba, panda kwanza, ubishi tutaumalizia njiani." Akapanda.

Hawakuumaliza. Tangu siku hiyo alikataa magari ya watu wote, hata ya mafundi wake yenye chasisi, anakaa na koti lake anauliza, "Saluni yangu haijafika?" Alifariki hospitalini tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, dada akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani, mafundi wenzake. Dada ameomba niseme, baba hakulibadilishia gari lile jina, na yeye hana kinyongo.

Baba mkubwa, umechoka, lala salama.