Kokoto, Aliyehamia Chini ya Ukuta

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kokoto, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, kitindamimba wa seremala na mkewe. Wazazi walipofariki alilelewa na dada yake, ambaye yuko nasi hapa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, kisha akajifunza kuendesha magari makubwa. Mwalimu wake alilalamika kwamba mwanafunzi huyu huliaga lori kila jioni kama anayemuaga mchumba.

Mwaka 1989 aliajiriwa mgodini kubeba mawe ya kujengea ukuta wa bwawa la topesumu, lile tope linalobaki madini yakishatolewa. Nyumba ya dada yake ilikuwa bondeni, chini ya ukuta huo. Majirani walipotaka kuhama, Marehemu aliwaambia, "Kaeni. Mawe yale nimeyamwaga mwenyewe."

Dada yake akamkatiza: "Maneno matupu hayavunji mfupa. Mbona wewe unalala mjini?"

Wiki hiyohiyo Marehemu akahamishia kitanda chake bondeni. Watu wakacheka, wakabaki. Hukohuko alimwoa mshona nguo wa jirani, tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa watoto watatu.

Masika ya mwaka 2007, maji ya kijivu yalianza kuvuja chini ya ukuta. Wakubwa wa mgodi waliongeza mawe, wakasema kuvuja ni kawaida. Ukuta ulisimama, ila usingizi ulihama. Dada yake naye akahamia ng'ambo ya kilima.

"Twende, mdogo wangu," alimsihi.

"Niende vipi, Dada, na hawa majirani ni mimi niliyewabakisha?"

Tangu hapo, mvua ikinyesha, alikaa mlangoni na viatu miguuni. Ukimwuliza habari alikujibu, "Salama tu," bila kukutazama.

Mwaka 2019 aliacha kazi, mapafu yakiwa yameshikwa na vumbi la mawe. Hospitalini alimwambia mkewe, "Mama watoto, mimi nilibaki kwa ajili ya neno langu. Ninyi msibaki kwa ajili ya kaburi langu." Akaomba azikwe huku kwa dada yake. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 21 Juni 2022.

Mliouliza kwa nini hazikwi kwenye kiwanja chake cha bondeni, sababu ndiyo hiyo. Jana, kaburi likichimbwa, majirani wawili wa bondeni walikuwa wakiezua mabati yao, tayari kuhama.

Marehemu ameacha mjane, dada, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tua mzigo, Kokoto. Upumzike kwa amani ambayo bondeni hukuipata.