Papa Élisée Sikuli, Aliyekuwa Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe (1979–2024)

Wapendwa mapadri, wazee wetu, majirani wa Birere, na ninyi vijana wa Salon ya Costume mliojibanza kule nyuma na mabawa yenu mkiogopa kuwaziba watu macho: familia inawashukuru nyote kwa kuja. Msivue mabawa. Marehemu angewauliza kwanza nani ameyashona, kisha angewapa pole ya safari. Wasifu huu unasomwa na Olive, dada yake mdogo. Mtamvumilia akicheka mahali ambapo wengine hulia, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyemharibu tangu utoto.

Papa Élisée Sikuli alizaliwa Butembo tarehe 3 Machi 1979, mtoto wa hayati Papa Éphraïm, mfanyabiashara wa maharage, na Mama Henriette, ambaye tuko naye hapa. Alibatizwa mwaka uleule katika kanisa Katoliki. Ugonjwa wake wa kuvisha vitu nguo ulianza mapema. Akiwa na miaka sita alimvalisha mbuzi wa nyumbani koti la baba la Jumapili, na mbuzi akala mfuko wa ndani kabla hajavuliwa. Baba alitaka kuwachapa wote wawili, lakini alipomwona mbuzi amesimama uani kama diwani, alikaa chini akacheka mpaka chakula kikapoa.

Masomo ya msingi na ya sekondari aliyafanya Butembo. Alichagua ufundi wa kukata na kushona, darasa lililojaa wasichana, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba hesabu za kule ni za vitambaa na vitambaa havibishani. Vita vya 1998 vilifunga shule na watu wakatawanyika, ila yeye alirudi na kupata diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1999.

Mwaka 2000 alishuka Goma akafungua karakana mtaa wa Birere. Alishona viti vya magari, akashindilia magodoro na kuvalisha upya makochi yaliyokuwa yamekata tamaa. Volkano ya Januari 2002 ilipoteketeza karakana, alitoka na cherehani mgongoni na kipande cha sponji kichwani, akaanza tena kwenye jiwe ambalo bado lilikuwa na joto. Alikuwa mtu wa kucheka, tena wa kuchelewa. Alifika miaka thelathini na miwili hajaoa, na Mama Henriette alikuwa ameshaanza kumtaja katika rozari kwa jina kamili.

Ndipo Mama Philomène alipoingia karakana, mwezi wa Mei 2011. Familia yake ilitoka milima ya Masisi, wafugaji tangu zamani. Mwaka 2007 watu wenye silaha walilichukua zizi lote la baba yake, Muzee Hategekimana, na familia ikakimbilia Munigi, kando ya Goma, na sufuria tu. Philomène alikuwa akiuza jibini mjini. Muzee alikaa mlangoni pa nyumba ya turubai, akiangalia barabara. Tangu siku ile hakuwa amemsifu ng'ombe yeyote, wala hakuwa amecheka.

Philomène hakuja kutengenezewa kiti. Alitaka ng'ombe. Kila mwaka, kwenye ukumbi wa parokia, vijana wa Goma walifanya kongamano lao waliloliita Salon ya Costume. Mtu anakuja amevaa alichokishona kwa mkono wake, awe malaika, jini, askari wa hadithi au mnyama. Jury, yaani waamuzi, inakagua mishono, halafu mhusika anapanda jukwaani na kuishi kama kile alichovaa. Philomène alitaka kushindana kama ng'ombe wa Masisi, yeye mbele na kaka yake Aubin nyuma. Alikuwa na tumaini moja, kwamba baba yake akimwona ng'ombe yule, hata wa kitambaa, huenda angefungua kinywa amsifu.

Sikuli alikubali kabla hajaambiwa kazi yenyewe. Walishona pamoja jioni zote za Juni, sponji ndani na mablanketi ya kahawia juu, pembe ndefu za mti mwepesi. Kufikia katikati ya mwezi alikuwa amekwisha kwa mapenzi. Alimtuma mjomba wetu Anastase aende Munigi kuuliza kama familia ingepokelewa kwa mazungumzo ya mahari. Kwa bahati mbaya mjomba alienda kama Munande safi, mtu wa kabila letu la Butembo, akatangaza mbele ya Muzee kwamba familia iko tayari na mbuzi, tena wanono.

"Mbuzi?" Muzee aliuliza. "Banatuma mbuzi kwangu?"

"Ni desturi yetu, muzee," mjomba alisema.

"Kwetu mutoto anatokaka na ngombe. Ngombe haziko tena. Basi mazungumuzo haiko. Na ule kijana wenu, hata ngombe hajui. Rudia na mbuzi yako."

Mjomba alirudi ameumia sana, hasa kwa niaba ya mbuzi. Sikuli hakula siku hiyo, jambo ambalo familia haikuwahi kuliona. Alimpenda Philomène kwa moyo wote, na alijua kwamba bila neno la baba yake Philomène hatatoka nyumbani. Miaka ile watu wa makabila yetu waliangaliana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akihesabu nani alimkimbiza nani, na wapo waliomwambia aache tu. Hakuacha. Aliendelea kushona mkia.

Siku chache kabla ya Salon, Aubin alipata kazi ya kupakia magari Rumangabo akaondoka. Miguu ya nyuma ikabaki bila mwenyewe. Ilipojaribiwa kwa huyu na yule ilikataa wote, ila kwa Sikuli iliingia kama soksi, kwa kuwa alikuwa ameipima kwenye mwili wake. Yeye alisema ni kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kupima. Hadi leo familia haijakubaliana kama ilikuwa bahati au mpango, na Mama Philomène akiulizwa huinama tu na kutafuta leso.

Jumamosi tarehe 16 Julai 2011 ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Philomène alimleta baba yake kwa kumdanganya kwamba kuna misa ya wakimbizi. Muzee alikaa mstari wa pili kati ya jini na binti aliyejivika volkano inayotoa moshi wa kweli, fimbo katikati ya magoti, akingoja padri. Ng'ombe akaingia. Watu walishangilia. Muzee hakushangilia, lakini aliacha kuangalia mlango.

Jury ilitaka kila mnyama alale kisha aamke. Ng'ombe akalala vizuri. Kisha Philomène akainuka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na macho, na Sikuli akamfuata nyuma gizani. Makofi yakaanza. Hapo Muzee Hategekimana akasimama na fimbo yake juu.

"Hapana!" alipiga kelele. "Ngombe haiamukake vile! Inaamukaka na nyuma! Nyuma kwanza!"

Sauti hiyo ya zizini Philomène hakuwa ameisikia kwa miaka minne, na miguu ya mbele ikapiga magoti, ng'ombe akakaa chini tena bila kupenda. Ndani ya mablanketi, Sikuli hakuona kitu. Hakujua kama watu wanacheka au wanataka kumpiga. Alichojua ni kwamba yule aliyemwambia hajui ng'ombe alikuwa anamfundisha. Akakaza magoti, akainua sehemu yake yote hewani, peke yake, kichwa chake kikiwa kwenye kiuno cha mtu aliyepiga magoti, akasimama hivyo akitetemeka. Halafu Philomène akainuka polepole.

"Eeh!" Muzee alisema. "Sasa ile ndjo ngombe."

Na akaanza kumsifu. Alimwita Gaju, kwa rangi yake ya kahawia, akataja pembe zake, kilima alichokulia, mto alikonywea, kama wafugaji wa kwao wanavyomsifu ng'ombe mbele ya wageni. Wazee wa Masisi waliokuwa ukumbini wakaitikia. Wengine walicheka, wengine walilia, na Muzee alifanya yote mawili. Volkano ilisahau kutoa moshi.

Hawakupata nafasi ya kwanza. Sheria ilikataza mshindani kufundishwa na mtazamaji, na jury, ikijifuta machozi, iliwakata alama. Muzee aliiona sheria hiyo kuwa ya kijinga mpaka jana. Jioni ile alienda nyuma ya jukwaa akaomba aonyeshwe miguu ya nyuma. Sikuli akatoka ndani, jasho kila mahali, vipande vya sponji kwenye nywele.

"Ni weye ulikuwa huku?"

"Ni mimi, muzee."

"Ulikuwa unaona kitu?"

"Hapana. Nilikuwa nasikia tu sauti yako."

"Na ukaamuka?"

"Weye ndjo unajua ngombe, muzee. Mimi najua viti tu."

Muzee alimtoa kipande kimoja cha sponji kichwani. "Ambia mujomba wako arudie," alisema. "Lakini asilete tena habari ya mbuzi."

Mahari ilipokelewa Munigi mwezi wa Februari 2012. Ng'ombe wa kweli hakupatikana, njia za Masisi zilikuwa zimefungwa na vita, basi Muzee akaamua kwamba Gaju ashike nafasi. Aliletwa kwa kamba, Aubin na ndugu yetu Benny wakiwa ndani, na mjomba Anastase alilazimika kumsifu kwa uso mkavu. Ndoa ilifungwa tarehe 14 Aprili 2012. Novemba yake mapigano yalipofika mlangoni pa Goma, Sikuli alipanda Munigi wakati wote wengine wanashuka, akamleta Muzee. Walilala uani pa parokia pamoja na mamia ya wakimbizi, na watoto wa watu wasiojulikana walilazwa juu ya tumbo la Gaju. Ng'ombe wa kweli na ndama wake walifika mwaka 2015. Muzee alimfundisha mkwewe kukamua, na alama ya teke la somo la kwanza ilibaki kwenye paja la marehemu.

Salon ilimpata kila mwaka ilipowezekana kufanyika. Mwaka 2016 walichukua hatimaye nafasi ya kwanza, wakaalikwa Kampala. Huko Bunagana, mpakani mwa Uganda, afisa wa forodha aliuliza karatasi za daktari wa mifugo, basi mume na mke wakaingia ndani ya ng'ombe wakavuka kwa miguu, maana nguo iliyo mwilini haiulizwi. Vijana wengi mlio hapa ninyi ndio aliowafundisha kushona, na aliwafundisha bila kuuliza mmetoka kijiji gani.

Ugonjwa wa figo ulimshika Februari 2023. Alitibiwa hapa Goma, na aliwaomba wauguzi ruhusa ya kurekebisha godoro la wodi, akisema amelala juu ya dhambi ya mtu. Muzee alikuja mara kwa mara na chupa ya maziwa. Daktari aliyakataza, basi Muzee aliyanywa mwenyewe pale kitandani, taratibu, akimweleza mgonjwa ladha yake. Papa Sikuli alituacha asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe. Tumeumia. Nyumba imenyamaza kupita kiasi, na hatujui bado tutafanya nini na kimya hicho.

Ameacha mjane, Mama Philomène, watoto wawili, Bénie na Cyprien, mama mzazi, Mama Henriette, ndugu zake Benny na Olive, mjomba Anastase, mashemeji na marafiki wengi.

Kwenye matanga tulitenga viti vya wakwe upande wa kulia, kama desturi yetu inavyotaka, na kiti cha baba tukakiacha wazi, kwa kuwa Papa Éphraïm alitangulia mwaka 2005. Muzee Hategekimana alikaa kwa wakwe kidogo. Kisha akasimama, akaja kukaa kwenye kile kilichokuwa wazi, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kitu. Olive alipomsomea karatasi hii, palipoandikwa baba mkwe alimzuia.

"Futa ile mukwe," alisema. "Nimezika ngombe, nimezika kijiji. Huyu ni mutoto wangu nazika."

Basi tunasoma kama alivyotaka. Papa Élisée Sikuli ameacha baba yake, Muzee Hategekimana.

Mungu ampokee, na alale kwa amani.