Ismael Kithaka, Tabibu wa Mbwa wa Majengo

Marehemu Ismael Kithaka alizaliwa Karurumo mwaka 1914, mwana wa mchinjaji Abubakar Rwamba. Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1936 aliajiriwa na idara ya mifugo mjini Embu, kwanza kwenye josho la ng'ombe, baadaye kutibu wanyama wengine.

Mwaka 1940 alimwoa Zuena, ambaye kwao Kianjai aliitwa Ciakuthii. Walijaliwa binti mmoja, Hidaya. Kila jioni marehemu alisimama nje ya mlango akanawa mikono mara saba, moja kwa udongo, kwa ajili ya mate ya mbwa, ndipo ampakate mtoto. Suleiman wa bucha alizoea kumuuliza, "Kithaka, nikukatie nyama ya nyumbani au ya wagonjwa wako?" Naye alicheka kuliko wote.

Hali ya Hatari ilipoingia, alipewa kutibu mbwa wa polisi waliofuata nyayo za wapiganaji msituni. Mwaka 1955 mbwa hao walitoka vidonda. Ilidhaniwa ni upele. Marehemu akaona hawajikuni, na vinundu vilipanda mguuni kama shanga, kuanzia pale mwiba ulipochoma. Akatambua ni ukungu wa miti na udongo, ugonjwa wa nadra. Aliwapa chumvi ya aidini katika maziwa, wiki baada ya wiki, wakapona.

Wakati huo Kiogora, kaka yake Zuena, alikuwa msituni na wapiganaji. Mama yao alileta habari kwamba mkono wake umetoka vinundu kama shanga na haukunji ngumi. Zuena alipiga magoti mbele ya mumewe akaomba kichupa kimoja tu cha dawa ile.

"Mama Hidaya, wakinikuta nimempa watanitia kitanzi," marehemu alisema. "Mtoto atalelewa na nani?"

Aliogopa, na siku zile wengi waliogopa. Lakini mbwa walikunywa, Kiogora hakunywa. Mwezi wa Agosti mbwa walelewale waliwafikia Kiogora na wenzake. Wenzake waliukwea mwamba. Yeye, kwa mkono mmoja, alibaki chini. Hakurudishwa kwao azikwe.

Zuena aliendelea kumpikia mumewe. Jina la kaka yake halikutajwa tena nyumbani.

Mwaka jana mbwa mgonjwa alimkwaruza marehemu mkononi. Vinundu vikapanda hadi kwapani. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba. Zuena alimkorogea katika maziwa asubuhi na jioni, na kila mara alikuta kikombe kimejaa.

"Hiyo ni ya Kiogora," marehemu alisema.

"Ya Kiogora walikunywa mbwa," Zuena akamjibu. "Wewe kunywa yako."

Hakuinywa. Ugonjwa uliingia mapafuni, akafariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1960.

Ameacha mjane, Zuena, na binti, Hidaya. Ameacha pia mama mkwe huko Kianjai, ambaye hakuja kuzika. Mwenyezi Mungu amlaze pema, karibu na shemeji yake, na yaliyobaki wayamalize wao wawili.