Mwagarubisi na Lori la Silinda Sita: Maisha ya Mzee Ildefons Rwegasira Byabato

Tuanze na jina, maana tukisema tu "Mzee Ildefons Rwegasira Byabato" nusu yenu mliokaa hapa kibanjani mtaanza kuulizana tunamzika nani. Mlimjua kama Mwagarubisi. Jina hilo hakulipenda, hakulikubali, na kwa miaka sabini aliliitikia.

Alilipata Julai 1948, siku ya kupeleka pombe ya posa ukweni, hapahapa Buganguzi. Rubisi ya posa, pombe yetu ya ndizi, siku zote ilikwenda kwa miguu, vibuyu vichwani, vijana wakiimba nyuma. Ildefons, dereva kijana wa Bukoba mjini, nywele zimechanwa njia pembeni, akaona hayo ni mambo ya kizamani. Akaazima kigari cha mizigo cha silinda nne. Vibuyu akavisimamisha wima juu ya bati, bila hata jani la mgomba chini, akavibananisha visianguke. Barabara ilikuwa imetoka kuchongwa, haina shimo hata moja. Kwa hiyo mwamba akakanyaga mafuta.

Kumbe rubisi ilikuwa bado inaumuka, na lile bati lilikuwa linavuma kama mzinga wa nyuki. Kizibo cha kwanza kikaruka. Cha pili kikafuata. Alipofika ukweni suti imelowa mgongo mzima na vibuyu vimebaki nusu, na pombe ya posa ikifika nusu, jamani, hiyo ni kesi.

Karugendo, kaka wa binti, akachungulia kibuyu kwa jicho moja.

"Waitu, hii mmekuja nayo kwenye gari au mmekuja nayo tumboni?"

"Imemwagika, shemeji."

"Imemwagika wapi? Barabara yenu si tumeambiwa ni laini kama sahani?"

Mama wa binti, Ma Kokubanza, hakutoka nje. Mama mkwe wa siku zile hakusimama mbele ya mkwe wake hivihivi. Alisema akiwa nyuma ya ukuta wa matete, na wote wakasikia: "Huyo Mwagarubisi arudi kwao. Akija tena, aje kwa miguu."

Alikuja tena kwa miguu, kibuyu kipya kichwani, mtaa mzima ukimtazama. Jina likawa limeshaganda.

Sasa tumfuate tangu mwanzo. Mzee alizaliwa tarehe 14 Februari 1926 katika kisiwa cha Bumbire, mtoto wa tatu wa Ta Byabato na mkewe Privata. Baba yake alikuwa mvuvi, na Ildefons alishika kasia kabla hajashika kalamu. Alipofikisha umri wa shule alivushwa ziwa kwenda kwa shangazi yake, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumchapa kwa kuchelewa. Mwaka 1943 alikwenda Bukoba mjini, akapanga mtaa wa Bilele, akaanza kazi katika karakana ya tajiri mmoja Mhindi aliyekuwa na malori ya kahawa. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka 1947 alipata leseni.

Baada ya aibu ya rubisi hakulala. Shimo lingemwaga pombe, sawa, lakini barabara haikuwa na shimo. Nani basi alimwaga? Kila injini iliyofunguliwa pale karakana, Ildefons alikuwa juu yake anachungulia. Kila iliyowashwa, aliiwekea kikombe cha maji kichwani akatazama mawimbi. Wenzake walimcheka sana, ila walikuja kutazama pia.

Aliyoyagundua alitueleza wajukuu mara nyingi kuliko tulivyoomba, kwa hiyo na ninyi mtavumilia. Pistoni ikiwa nusu ya juu ya silinda hukimbia kuliko ikiwa nusu ya chini. Kwenye silinda nne zilizojipanga mstari mmoja, mbili zinapanda huku mbili zinashuka, na mtu angedhani zinafutana. Hazifutani. Zilizo juu zina haraka kuliko zilizo chini, na ile haraka inayobaki inalipiga gari mara mbili kila krenki, ule mhimili wa injini, inapozunguka. Ukiongeza mwendo, inapiga zaidi. Silinda sita za mstari mmoja zinapeana zamu vizuri hivi kwamba kila msukumo una wenzake wa kuumeza. "Ni kama wapiga makasia," alisema. "Wanne wenye nguvu wanakufikisha, lakini mtumbwi unaruka. Sita waliozoeana, unaweza kulala humo."

Na tena, sita hazikohoi mwendo ukiwa mdogo. Moto wa silinda moja haujapoa wa nyingine umeshawaka, kwa hiyo lori linaweza kutambaa kwenye gia ya juu, taratibu kama mtu anayetembea, bila dereva kubadili gia na kulishtua. Shikeni hilo.

Ndoa yake na binti yule wa posa, Klaudia Kokushubila, ilifungwa tarehe 8 Januari 1949. Waliishi Bilele, lakini mimba ya kwanza ilipokua Klaudia alirudi Buganguzi kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi. Ma Kokubanza alimpokea binti. Mkwe wake, huyo aliendelea kumsalimia kupitia watu wengine.

Alhamisi ya tarehe 19 Aprili 1951, Ildefons alikuwa hapa Buganguzi anapakia kahawa kwenye lori la tajiri, Bedford, mvua ya masika inanyesha tangu asubuhi, Karugendo alipokuja mbio.

"Mwagarubisi! Klaudia anatoka damu."

Mtawa wa zahanati ya misheni alikuwa ameshafika. Alisema maneno machache. Mtoto hajafikisha wakati wake, kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia, lazima akapasuliwe Bukoba. Damu bado ilikuwa inatoka kidogo. "Lakini msimtikise," alisema. "Akitikiswa, itafunguka yote, na sitakuwa na la kufanya. Wala ninyi."

Padri wa parokia alileta gari lake mwenyewe, kigari kizuri cha Kiingereza, viti vya ngozi, silinda nne. Wanawake wakaanza kutandika mablanketi ndani. Hapo ndipo Ildefons aliposema hapana.

"Anakwenda na lori."

Hata mtawa alimgeukia.

"Lori la kahawa?" Karugendo alipiga hatua mbele. "Dada yangu ni gunia?"

"Kigari hiki matope haya kitataka gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, hadi Muhutwe. Kila gia ni mshtuko. Na katikati ya gia kinatetemeka. Lori lina silinda sita, na lina mzigo. Springi zimelala, halitaruka."

"Chonka, lakini ulisema hivyohivyo siku ya rubisi. Ulisema barabara ni laini."

Ildefons alikuwa amesema hivyohivyo, kweli.

Na safari hii sauti haikutoka nyuma ya ukuta. Ma Kokubanza alitoka nje, kitambaa kimefungwa kichwani, jani la mgomba juu yake, akasimama kwenye mvua mbele ya mkwe wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Hakumtazama. Alitazama lori.

"Pombe nilikudai nyingine ukaleta," alisema. "Huyu nikikudai utamtoa wapi?"

Padri alikuwa bado ameshika funguo. "Dereva ni wewe, Ildefons," alisema. "Mimi kwenye matope hugeuka mwanafunzi." Akazirudisha mfukoni.

Klaudia ndiye aliyemaliza kesi. Alikuwa amelala juu ya mkeka mlangoni, uso umekuwa wa majivu. "Mae," alimwambia mama yake, "nilale wapi, niambieni. Nimechoka kusikiliza injini."

Walimlaza juu ya magunia ya kahawa, majani ya migomba chini, mablanketi juu ya majani, turubai limefungwa. Ma Kokubanza akapanda akakaa naye, mtawa upande wa pili. Walipatana hivi: likitokea lolote, mama atagonga bati la kichwa cha lori.

Ildefons aliweka gia ya juu na kuiacha hapohapo. Lori lilitambaa. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuendesha kwa masikio namna ile, mguu wake kwenye mafuta ulikuwa kama umewekwa juu ya kifaranga. Kila shimo aliliingia kwa pembe, tairi moja kwanza, kisha nyingine. Kijiji kikapita, kikapita kingine. Hakuna aliyegonga.

Kisha bati likagongwa, kwa ngumi, mfululizo.

Alisimama, akaruka chini. "Damu?"

"Gari limekufa!" Ma Kokubanza alipiga kelele kutoka chini ya turubai. "Limezimika na wewe umekaa tu!"

"Halijazimika, Mae."

"Silisikii wala sihisi likienda!"

"Weka mkono kwenye bodi."

Turubai lilisogea, mkono ukapapasa bodi. Kisha sauti ya mama mkwe, imeshuka: "Basi nenda. Unasubiri nini?"

Karibu na Muhutwe mto ulikuwa umefunika barabara. Alivuka polepole, maji yakagusa rejeta, na walipopanda upande wa pili lori likaanza kutetemeka. Silinda moja ilikuwa imekufa. Tano zilizobaki hazikuwa na mwenzao wa kumeza msukumo tena, na bodi nzima ilikuwa inapiga. Nyuma Klaudia alilia mara moja, kwa nguvu. Mtawa aligonga: "Imeongezeka! Simama!"

Alizima, akafungua boneti. Mvua ikamwagika juu ya injini. Ni plagi gani? Angeweza kuwasha na kuchomoa waya mmoja mmoja asikilize, kama mafundi wote wanavyofanya, lakini kila jaribio lingemtikisa Klaudia. Akatazama matone. Yaliyodondoka kwenye shingo za bomba la moshi yalikuwa yanachemka na kuruka, tss, tss. Shingo moja matone yalikaa juu yake yametulia. Ya tano.

Aliichomoa plagi, ikatoka inachuruzika maji. Shati lake limelowa, suruali imelowa, matambara ya kiti yamelowa. Hapakuwa na kitu kikavu duniani. Na akiikausha, mvua ingeilowesha tena kabla hajafunga.

Watu wawili walitoka kwenye migomba wamebeba mkeka. Hawakuuliza kitu. Waliushika juu ya injini kama paa, mmoja huku, mmoja kule, wao wenyewe wakilowa. "Kitambaa!" Ildefons aliita. "Nipeni kitambaa kikavu!"

Mkono ulitoka chini ya turubai. Ulikuwa na kitambaa cha kichwa cha Ma Kokubanza. Mwanamke mzima, mama mkwe, kichwa wazi mbele ya mume wa binti yake. Ildefons alikipokea akiwa amegeuza uso kuangalia tope.

"Usinitazame," alisema mama.

"Sikutazami."

"Kausha hicho chuma chako. Haraka, mwanangu."

Plagi ikarudi, waya ukafutwa, boneti ikafungwa. Lori likawaka kwa silinda zote sita na kutulia. Hakuna aliyegonga tena hadi Bukoba.

Klaudia alipasuliwa jioni ileile, akapona. Mtoto, Kokugonza, alizaliwa mdogo sana, akalazwa kwenye kikapu cha pamba karibu na jiko. Leo ana miaka sitini na nane, yuko pale mbele, na kama mnavyomjua, hakuna anayeweza kumnyamazisha. Ma Kokubanza hakuwahi kuomba radhi. Aliendelea kumwita "Mwagarubisi" kanisani kwa sauti kubwa, lakini hadi alipofariki mwaka 1974 alikataa kupanda gari la dereva mwingine yeyote, hata lililokuwa linakwenda moja kwa moja anakokwenda.

Mzee aliendesha malori hadi 1979, kisha akafungua karakana yake Muleba na kununua kibanja hiki tulichokaa. Alikuwa na maoni juu ya kila injini. Pikipiki ya silinda moja ilikuwa "ya kung'oa meno". Silinda nne zilizolala zikitazamana aliziheshimu: "Zinapigana ngumi, lakini zinalingana." Nane za umbo la V alizisifu kwa shingo upande, akisema zimetulia kwa sababu krenki yake imebebeshwa vyuma vizito vya kuituliza.

Mwaka 2014 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alilipa ugonjwa jina refu. Yeye alisema, "Plagi moja imelowa," akaendelea kunywa chai kwa mikono miwili. Mwaka huu alidhoofika, akalazwa Bukoba mwezi Mei, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Juni 2019, akiwa na miaka 93. Kokugonza alikuwa amemshika mkono. Anasema mwishoni ulikuwa umetulia kabisa.

Mkewe Klaudia alimtangulia mwaka 2006. Mzee ameacha watoto watano: Kokugonza, Privatus, Rugambwa, Anastella na Ndyamukama, wajukuu kumi na tisa, vitukuu saba, na shemeji yake Karugendo, ambaye ana miaka tisini na bado anadai ile rubisi ilinywewa njiani. Mungu ampokee, ampe pumziko lisilo na mshtuko.

Ombi moja kabla hatujaenda kaburini. Kila aliyepakiwa na Mzee, akagombezwa naye au akatengenezewa gari naye, atuandikie kwenye kundi la familia, hata kama ni sauti ya dakika mbili. Na ninyi wa Muhutwe zaidi. Mzee alirudi pale mara nyingi kuwatafuta wale watu wawili wa mkeka, na hakuwapata. Kama nyumbani kwenu kuna babu au bibi aliyewahi kusimulia kwamba alishika mkeka kwenye mvua juu ya injini ya lori la kahawa, tafadhali tuambieni majina yao. Kokugonza anataka kwenda kuwasalimia watoto wao.