Papa Lefteris na Mlango wa Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Papa Lefteris Vamvakas. Mgiriki, balozi mstaafu, mwandishi. Alifariki Juni mwaka huu wa 2018, hapa hapa Johannesburg. Vitabu vyake vilijaa nyumba nzima hadi bafuni. Mwenyewe alidai anaoga kwa zamu na washairi.

Maktaba hiyo aliiahidi klabu moja ya wakubwa. Ishikeni akilini ahadi hiyo.

Mwaka 2015 klabu ikamwandalia karamu ya shukrani. Marthe, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alialikwa na mzee mwenyewe. Akaja na koti jipya alilomshonea. Mwenyekiti wa klabu akamzuia mlangoni.

"Mafundi hupitia jikoni, mama."

Marthe akazunguka nyuma, koti mkononi, machozi yanamlenga. Papa Lefteris akamfuata. Akaingia jikoni, akatokea uani, na karamuni hakurudi. Keki wakaikata wenyewe.

"Kaka yangu kinyongo alikilea kama mtoto," anasema dada yake, Bi Evanthia. "Tena akakisomesha."

Kilifuzu, wasikilizaji! Maktaba yote, ile iliyoahidiwa klabu, akampa Marthe. Malori yakashuka Jules Street, Malvern, na nasikia hata robot, zile taa za barabarani, zilibaki kijani kwa heshima. Vitabu vikajaa chumba cha mbele cha Marthe. Mlango wa mbele mzee akautia kufuli. Ufunguo mmoja tu.

"Papa, sasa watu watapita wapi?"

"Jikoni, binti yangu. Wote. Hasa yule."

Yule mwenyekiti anaandika historia ya klabu yake, na vitabu anavyovihitaji viko kwa Marthe. Wiki moja baada ya mazishi akabisha hodi, suti nyeupe pee. Marthe alikuwa anakaanga makayabu, wale samaki wa chumvi. Moshi hadi darini.

"Nifungulie mlango wa mbele."

"Eish, papa. Ufunguo sina."

"Nani anao?"

Marthe akageuza samaki, taratibu. "Papa Lefteris. Tumemzika nao. Koti alilozikwa nalo ni lile lile la karamu. Mfuko wa ufunguo nilimshonea mimi, upande wa moyo."

"Vunja kufuli basi!"

"Kufuli la marehemu? Aka! Pita hapa, papa. Angalia mafuta yasikurukie."

Akapita.

Bi Evanthia, pole sana, wewe na ukoo wote. Marthe, pole mama. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni leo: nani mmewahi kumzungusha nyuma ya nyumba? Maana mwenyekiti bado anasoma. Huja kila Alhamisi.

Na kila Alhamisi, Marthe hukaanga makayabu.