Sahani ya Mjomba Kiti

Sogeeni, wanangu. Wewe Mung'aro uache huo mlango, na wewe Stacy uketi hapa miguuni pangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali na sitaki kurudia neno.

Nimewalea kwa sindano ya magunia. Miaka ishirini na sita nimeshona magunia yaliyopasuka katika magodauni ya Shimanzi, na nasema kwa kujivuna, gunia la mkono wangu halikumwaga punje, makuli wakiliona walisema, "Hili la Mejumaa, tupa tu." Sindano ile ni yako, Stacy. Kipande cha shamba ni cha Mung'aro, ila minazi mitatu ya mpakani mwachieni mjomba wenu.

Sasa habari ya ile nyungu, chungu cha kiapo. Mliisikia nusu. Baba yetu alipokufa, ndugu yangu Kiti alitaka tuwamwagie koma, roho za wazee wetu, tembo la mnazi, nami nilikuwa nimeshabatizwa, nikakataa. Akaniambia, "Mkataa kwao mtumwa." Nikamjibu kwamba kwetu ni mbinguni, yeye abaki na mizimu yake. Yalikuwa maneno ya kiburi, hayakuwa ya Injili. Akaitoa nyungu ya mama, akaivunja kati yetu na kuapa kwamba tukila tena sahani moja tufe, sisi na vizazi vyetu. Miaka kumi na tisa yeye yuko Makupa, mimi hapa Ganjoni, hatujagawana hata muhogo. Nami, mzee wa kanisa, nikashiriki Meza ya Bwana bila hofu, huku naogopa sahani ya ndugu yangu. Koma niliwaacha, lakini hofu yao niliifunga ndani ya kanga nikatembea nayo.

Jana mlimwona akiingia na sima na papa wa nazi. Mung'aro, ulinyoosha mkono uninyang'anye, nikakuchapa kidole. Nikala. Kiti alilia, kisha akasema, "Mejumaa, bado unatafuna kama panya wa godauni." Nikamwambia panya huyu ameshiba. Sijapata kujivunia ndugu kama jana, maana yeye bado anaiamini nyungu ile, na alimega pamoja nami.

Leo nimezidiwa, na nawasikia mkinong'ona jikoni kwamba ni nyungu. Sikilizeni. Ini langu limeharibika tangu mwaka jana, daktari alitueleza sote watatu. Nikifa, asiseme mtu kwamba nimeuawa na sima, kwani mkisema hivyo mtamfanya Kiti mwuaji, na wajukuu wangu mtawarithisha vigae. Wagombanao ndio wapatanao. Matangani mjomba wenu apike, nanyi mle wa kwanza, watu wote wakiwaona. Nizikeni kwa nyimbo za kanisa; yeye akitaka kusimama kimya, mwacheni asimame.

Bwana Yesu awape... ngojeni nipumue... awape watoto watakaokula kwa kila ndugu, na wasijue kwamba palikuwa na chungu.

Stacy, kile kiporo cha sima ya mjomba wenu kiko chini ya kawa. Kilete. Hata kikiwa baridi. Mung'aro, wewe ndiye mkubwa, anza. Usinitazame mimi, tazama sahani. Mega.

Macho yangu yamekuwa mazito, wanangu. Tafuneni kwa sauti... nisikie.