Mwalimu Jacob Mbusa Lusenge na Kilo Kumi na Mbili za Risasi

Baba Padri, mama Florentine, watoto wetu, na ninyi nyote mliopanda mlima huu wa Butembo leo Jumamosi tarehe 24 Mei 2003, mimi ni Phinées Vagheni, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, mwalimu wa Kiswahili na Kifaransa huko Beni, na kazi hii ya kusoma maisha ya yaya wangu, yaani kaka yangu, niliiomba mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu mwingine ashike kalamu na kupita haraka juu ya mambo ambayo watu fulani wangependa yapitwe haraka.

Mnawaona waalimu na wachaji wa betri wa Cercle ya Elektrokemia, chama cha marehemu, wamekaa upande wa kushoto, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa kazi ya kubeba sanduku, ingawa marehemu alikuwa rais wao kwa karibu miaka kumi na miwili. Hatukusahau. Alhamisi jamaa ilikaa, nami nikasimama nikasema kwamba mtu wa Cercle hatagusa sanduku mpaka ijulikane nani aliandika karatasi iliyomtia Jacob gerezani mwaka 2000, kwa maana karatasi haijiandiki, na jamaa ikakubali. Hayo niliyaandika Alhamisi ileile, nami nayasoma kama yalivyo, bila kufuta, na mtaelewa kwa nini.

Jacob Mbusa Lusenge alizaliwa Musienene, katika territoire ya Lubero, tarehe 3 Februari 1951, mtoto wa sita wa kiume wa baba yetu Lusenge na mama yetu Kahongya, wakulima, wote wawili marehemu. Mwaka 1959 redio ya baba ilinyamaza, mawe yake mawili ya umeme hayakuonekana, na baba akamtuhumu jirani mbele ya watu, wakaacha kusalimiana siku nne, hadi siku ya tano Jacob alipoonekana ana mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa alikuwa ameyapasua mawe yale kwa panga nyuma ya zizi la mbuzi, akitaka kuona umeme unalala wapi. Alichapwa, kisha akamwuliza baba kama anaweza kupewa mengine.

Alisoma shule ya msingi Musienene kuanzia 1958 hadi 1964, akapoteza mwaka mmoja kwa vurugu za 1964, akaingia sekondari hapa Butembo Septemba 1965, akapata diploma ya serikali mwaka 1971 kwa asilimia sitini na nane, halafu akasomea ualimu wa kemia Bukavu kuanzia 1972 hadi 1975. Toka Bukavu aliniandikia barua ya kurasa tatu, yote ikisimulia vipande viwili vya chuma vilivyowekwa katika maji ya chumvi, nami nikaisoma mara mbili nikitafuta msichana aliyefichwa ndani yake, kwa kuwa sikuamini kijana wa miaka ishirini na miwili anaweza kupendezwa na chuma kiasi kile. Msichana hakuwemo.

Alifundisha Beni kuanzia Septemba 1975, na huko alimwona Florentine Kavugho, binti wa familia ya wachuuzi wa Oicha, wakafunga ndoa kanisani Beni tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne, Sagesse, Jonathan, Kasika na Jeannine, wote wako hapa mbele yenu. Mwaka 1983 alihamishiwa Butembo, ambako alifundisha mpaka ugonjwa ulipomwondoa darasani.

Kuanzia 1986 aliandikiana na wataalamu wa elektrokemia wa ng'ambo, yaani watu wanaochunguza jinsi umeme unavyozaliwa katika dawa na vyuma, na mwaka 1988 wakampokea kuwa mwenzao wa barua, wakamtumia jarida lao mara mbili kwa mwaka, na posta yetu ilipokufa lilimfikia ndani ya mizigo ya nguo kuukuu za caguwa. Watu wa mtaa waliuliza wazungu wanamwandikia nini mwalimu asiye hata na kiatu cha pili, na nisiwasingizie watu wa mtaa peke yao, mimi pia niliuliza, tena nilizifungua bahasha mbili kwa mvuke wa sufuria, nikakuta ni tarakimu tupu.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alianzisha Cercle yao, wakiwa kumi na mmoja, waalimu wa kemia wa Butembo na Beni, muuguzi mmoja, na wachaji wa betri, na karani wao alichaguliwa Ézéchias Kasonia, mchaji wa Beni aliyeacha shule kwa kukosa mwenye kumsomesha. Walichukua betri za malori zilizokufa, wakayeyusha vyuma vyake vya ndani, wakavimimina upya, wakazipeleka kwenye vituo vya afya ili mama azae penye taa, na kila betri waliiita kwa jina la mahali ilipokwenda, na kila Jumamosi waliipima na kuandika hali yake katika cahier, yaani daftari lao. Kwa kuwa Kasonia na wenzake hawakusoma Kifaransa vizuri, Jacob aliamua cahier iandikwe kwa Kiswahili safi, akaja kwangu kuomba maneno, nami nikafurahi kuliko siku nyingi, nikafungua kamusi nikampa, cellule aite seli, plomb aite risasi. Alisema risasi ni masasi ya bunduki. Nikamjibu kwamba hayo ni ya Kiswahili cha barabarani, kwamba katika kamusi risasi ni jina la chuma chenyewe, na kwamba mtu wa elimu afuate kamusi.

Ikaja vita ya kwanza, kisha ya pili mwaka 1998, na tangu hapo kila mtu katika nchi hii alimtazama mwenzake mikononi kabla ya kumtazama usoni. Mwisho wa Februari 2000 cahier ya Cercle ilishikwa kwenye barrière moja, kizuizi cha askari kati ya Butembo na Beni, ndani ya mfuko wa mwenye pikipiki aliyekuwa akimpelekea Kasonia. Tarehe 11 Machi 2000, saa nne asubuhi, askari walimtoa Jacob mbele ya wanafunzi wa darasa la tano, ana chaki mkononi, wakampeleka Beni, wakamweka katika chumba cha sementi chenye maji sakafuni, na walipoulizwa sababu walijibu kwamba ipo karatasi inayosema yeye ni mkubwa wa watu wenye silaha.

Kasonia naye alikamatwa siku hiyohiyo, akatoka baada ya siku mbili. Siku mbili. Jacob akabaki ndani siku themanini na nne. Mwalimu Mukendi, mwenzake wa shuleni, ambaye ni mtu wa Kasai, mgeni kwetu, na ambaye kila mtu alidhani ataanza kushikwa yeye, hakuguswa, na kwa wiki nzima nilimtilia mashaka huyo pia, nikimhesabia anasalimiana na nani, lakini moyo wangu ulirudi kwa Kasonia, hasa nilipoambiwa na watu wawili kwamba ameonekana akiingia bureau ya usalama kwa miguu yake mwenyewe, mwezi wa tano, amebeba kitu kizito ndani ya kitenge.

Jacob alipotoka nilimfuata Kasonia sokoni Beni, mbele ya wateja wake, nikamwuliza, "Weye njo ulimuuzisha yaya yangu?" Akafuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, uache tu ile mambo. Jacob ni muzima, ni ile tulikuwa tunaomba." Nikaona ni jibu la mwenye hatia. Tangu siku hiyo nilimzuia asikanyage nyumba ya Jacob nikiwapo, na katika ndoa ya Sagesse, tarehe 18 Agosti 2001, hakualikwa, akasimama barabarani na shati lake jeupe mpaka msafara ukapita. Jina la muuzaji wa watu, mlilolisikia Butembo na Beni, lilitoka kinywani mwangu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo jana Ijumaa, saa tano asubuhi, nikahitaji tarehe kamili ya kuachiliwa kwake, kwa kuwa historia ya marehemu haisomwi kwa kukisia, nikafungua valise yake ya kuwekea karatasi. Tarehe niliipata, ni 3 Juni 2000. Chini yake kulikuwa na kumbukumbu za mkutano wa Cercle wa tarehe 17 Juni, na karatasi moja imeshikizwa nyuma kwa pini, tafsiri ya Kifaransa, iliyoandikwa Beni tarehe 2 Machi 2000, na mwandiko ni wangu.

Mwaka ule tulikuwa hatulipwi shuleni, nami nilifanya kazi ya kutafsiri kwenye bureau ileile ya usalama, siku hadi siku. Waliniletea mistari mitatu iliyonakiliwa na karani wao, haina kichwa wala jina, inasema, "Risasi kilo kumi na mbili zimefika kutoka Oicha. Seli ya Mutwanga ina nguvu. Seli ya Mabalako imekufa, tutaibadilisha kabla ya Jumapili." Mimi niliyempa neno lile mwaka 1991, mimi wa kamusi, niliandika munitions, yaani masasi, kilo kumi na mbili za munitions, nikaandika cellule ya Mabalako imeangamizwa, kana kwamba ni kikosi cha watu, na nakumbuka kwamba niliona nimefanya kazi nzuri, nikaenda kula. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenishika mkono. Miezi ile nilikuwa naona bunduki katika kila kitu, na sikujiuliza ni jeshi gani linalohesabu risasi zake kwa kilo.

Jacob alikuwa ameisahihisha karatasi ile kwa kalamu nyekundu, amekata munitions na kuandika plomb juu yake, na pembeni ameniwekea alama, kumi na moja juu ya ishirini.

Kumbukumbu za mkutano ni fupi, nazisoma zote. "Moja, Kasonia ameeleza kwamba alirudi bureau mara tatu, mara ya tatu na betri, akaifungua mbele ya afisa, akamwonyesha risasi ni nini, akawasha taa. Afisa amecheka, akampa karatasi hii. Mbili, mwandiko umetambuliwa. Tatu, Kasonia anaomba Vagheni asiambiwe, maana hataweza kuibeba. Rais amekubali. Nne, kuanzia leo tusiandike tena risasi, tuandike plomb." Zimefuata sahihi tisa. Watu tisa walijua, kwa miaka mitatu, katika miji ambayo siri haimalizi wiki.

Afya ya marehemu haikurudi tangu kile chumba cha maji, na Agosti 2002 miguu yake ilianza kuvimba, akalazwa hospitali hapa Butembo mara nne, na daktari akatueleza kwamba figo zimechoka, kwamba miaka mingi ya kuyeyusha vile vyuma imeweka risasi katika damu yake. Wengine waliosikia neno hilo mlangoni wakatoka wakatangaza kwamba amepigwa risasi, wengine kwamba amerogwa, na leo naomba mbele ya sanduku hili hayo yakome. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Mei 2003, saa kumi na mbili asubuhi, mikononi mwa mke wake, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Jamaa inawashukuru daktari na wauguzi, waliompa dawa hata zilipokuwa hazipatikani mjini, inawashukuru majirani waliochota maji na kupika siku hizi mbili, inamshukuru mwalimu Mukendi, ambaye alifundisha masomo ya Jacob tangu Septemba bila kuombwa, na ambaye namwomba radhi. Betri iliyowasha taa chumbani mwa mgonjwa miezi hii tisa, Florentine aliniambia ni ya majirani, lakini jana nilipomuuliza tena alilia, akasema Kasonia aliibadilisha kila wiki, akingoja kwanza pikipiki yangu iondoke kwenda Beni.

Ndugu Ézéchias Kasonia, neno nililolisema Alhamisi mbele ya jamaa naliondoa kwa kinywa kilekile, na jina nililokupa nalichukua mimi, liwe langu. Tunakuomba uje na wenzako wa Cercle mbebe sanduku, wewe ushike upande wa kichwa. Ukikataa hakuna atakayekulaumu, tutakungoja.

Nawe yaya, ulikula kwangu Noeli tatu ukiijua karatasi ile, ukawabeba watoto wangu, ukanisikia nikimtukana rafiki yako mezani, ukabadilisha maneno tu. Nimekosa. Ningependa kukuambia ukiwa unasikia, na hilo ndilo nililonyimwa. Lala na amani yako yote, yaya Jacob.